Nuru Isiyovunja Sitara ya Jirani

Juma lililopita safu hii ilizungumzia bustani ndogo za nyumbani, na namna familia inavyoweza kupata mchicha, mrehani na mchaichai katika kiwanja kisichozidi hatua chache. Tangu hapo wasomaji kadhaa wamenisimamisha baada ya swala wakiniuliza jambo moja: vipi kuhusu taa za sola zinazojiwasha zenyewe, ambazo siku hizi zinauzwa hata kando ya barabara? Je, zinafaa kwa bustani? Inunuliwe ya namna gani, na itundikwe wapi?

Ningeweza kujibu kwa vipimo peke yake, na vipimo nitavitoa. Lakini yapo makosa niliyoyafanya mimi mwenyewe nyumbani kwangu, na naona ni haki msomaji ayajue kwanza. Nilinunua taa nikiwa na nia njema kabisa, na kwa taa hiyo nikamuudhi mtu ambaye familia yangu ina deni kubwa la wema kwake.

Hatua kumi na nne

Sisi ni wakazi wa Tanga. Nyuma ya nyumba yetu mama yangu ana bustani: matuta mawili ya mchicha, mpapai, migomba mitatu, mwasumini unaotambaa ukutani, na safu ya mbaazi kando ya ua. Kutoka mlango wa nyuma hadi bombani ni hatua kumi na nne. Nimezihesabu mara nyingi sasa. Kabla ya mwaka jana sikuwahi kuzihesabu.

Mwaka jana wakati wa masika, mwezi wa Aprili, mama aliamka kabla ya alfajiri kama ilivyo ada yake, akatoka kwenda bombani kutawadha. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na umeme ulikuwa umekatika. Mguu wake ukagonga tofali la ukingo wa tuta, akateleza, akaangukia mkono wa kulia. Mtu wa kwanza kufika, hata kabla yangu, alikuwa jirani yetu wa ubavuni, mama mmoja mjane anayeishi na binti zake wawili na mjukuu wa kiume. Alisikia kishindo akapita kwenye kijimlango cha uani. Yeye ndiye aliyeufunga mkono wa mama kwa kanga yake huku mimi nikihangaika kutafuta usafiri. Hospitali ilithibitisha kwamba kifundo cha mkono kimevunjika, na mama alikaa na plasta wiki sita.

Siku ya pili nilikwenda dukani nikiwa na hasira dhidi ya giza. Nilitaka taa kubwa kuliko zote zilizokuwapo. Muuzaji akanionyesha moja ambayo boksi lake liliandikwa wati 200, yenye rimoti na paneli ya kutosha kufunika kiti. Sikuuliza zaidi. Fundi akaifunga juu ya mlingoti wa mita nne katika pembe ya ua, akaielekeza bustanini.

Usiku ule ua wetu ulikuwa mweupe kama mchana. Ungeweza kuokota sindano mchangani. Wapita njia walisimama kuisifu. Mama, akiwa amekaa barazani na mkono wake wenye plasta, alisema, "Mwanangu, hii si taa ya nyumba, hii ni ya uwanja wa mpira." Nikacheka, nikadhani ananisifu.

Barua ya mabati manane

Katika miezi iliyofuata yapo mambo niliyoyaona bila kuyatilia maanani. Jirani yetu, ambaye jioni alikuwa akitandika mkeka uani kwake na sauti za binti zake zikatufikia, alihamia ndani mara baada ya magharibi. Sahani ya vitumbua iliyokuwa ikipita juu ya ua siku za Ijumaa ikawa haipiti tena. Tulipokutana njiani alinisalimu kama kawaida na kumuulizia mama. Nikajiambia kwamba watu wana shughuli zao.

Mwezi wa Julai kamati ya msikiti wetu ilikutana kupitia maombi ya msaada. Kazi ya kuyasoma ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye katibu. Barua ya tatu ilikuwa katika karatasi ya daftari, kwa mwandiko wa mtoto wa shule aliyeandika kwa niaba ya bibi yake. Bibi aliomba mabati manane ya kupandishia ua wake wa nyuma. Sababu ilielezwa kwa adabu: taa iliyowekwa upande wa pili inaingia uani kwake tangu magharibi hadi usiku mkubwa, bafu lake la uani halina paa, na wanawake wa nyumba ile hawana tena mahali pa kukaa wala kuoga wakiwa na sitara. Mwenye taa hakutajwa.

Nilikuwa nimefika mstari wa nne niliposikia sauti yangu mwenyewe inapungua. Nilimaliza kusoma nikiwa nimeinamisha kichwa. Mwenyekiti wetu, mzee anayepima maneno yake, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Katibu, nadhani ombi hili unaweza kulitimiza wewe, bila fedha ya msikiti." Hakuna aliyecheka.

Alasiri ileile nilibisha hodi kwa jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mama yako mkono haujambo?"

Nikamwambia haujambo, alhamdulillahi, na kwamba nimeisoma barua. Akatazama chini akikunja pindo la kanga yake. "Mwanangu," akasema, "mkono ule niliufunga mimi. Ningekuja kukwambia uzime taa, kisha mama yako akaanguka tena, ningemtazama kwa macho gani? Nikaona heri nipandishe ua."

Nilimuuliza kwa nini basi aliiandikia kamati, ambayo anajua fika katibu wake ni nani. Akatabasamu, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Baada ya isha, kwa ruhusa yake, nilirudi pamoja na mama tukasimama uani kwake. Taa yangu ilikuwa ikitutazama usoni kutoka juu ya mlingoti. Kivuli cha kamba ya nguo kilichorwa ukutani waziwazi. Bafu lile lisilo na paa lilijaa nuru. Mkeka wao ulikuwa umekunjwa na kuegemezwa mlangoni. Mama alisimama pale kwa muda bila kusema neno, kisha akaniambia jambo lililonishinda kabisa: "Na mimi tangu uiweke natoka na tochi. Ikifika saa kumi za usiku imekwisha kuzima."

Mimi hutoka kwenda msikitini kwa mlango wa mbele, kwa hiyo sikujua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Ulikuwa umefurahi nayo," akajibu.

Basi hiyo ndiyo hesabu ya taa yangu kubwa. Saa ambazo jirani alihitaji giza, iliwaka. Saa ambayo mama alihitaji nuru, haikuwaka.

Wajenzi wa zamani waliliona

Suala la kumtazama jirani uani kwake si geni katika elimu yetu. Ibn al-Rami, aliyekuwa fundi muashi mjini Tunis katika karne ya 14, aliandika kitabu kizima kuhusu hukumu za majengo, na humo yamo mabishano ya majirani juu ya madirisha, milango, moshi, harufu na kelele. Mafakihi wa Kimaliki ambao rai zao alizikusanya waliliangalia dirisha linalochungulia uani kwa mwenzio kuwa ni madhara yanayostahili kuondolewa, hata kama mwenye dirisha hana nia ya kuchungulia.

Pwani yetu pia ililijua hilo kwa vitendo. Ukizitazama nyumba za mawe za Lamu, utaona mlango umetanguliwa na daka, na njia ya kuingilia ikapindishwa ili mpita njia asione ndani. Maisha ya nyumba yamegeuzwa kuelekea kiwanda, yaani ule uwanja wa ndani ulio wazi juu, na kuta zinazotazama mtaani hazina madirisha makubwa.

Taa ya mlingoti haichungulii, ila humwezesha kila mwenye macho kuchungulia. Nilisoma mambo haya chuoni na nikayafanyia mtihani. Kuyaoanisha na rimoti niliyoishika mkononi kulinichukua miezi mitatu na barua ya mtoto.

Namna taa hizi zinavyofanya kazi

Sasa tuje kwenye maswali yenu. Taa ya sola ya bustani ina viungo vinne. Paneli hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Betri huuhifadhi. Balbu za LED hutoa nuru. Kiungo cha nne ni sakiti ndogo inayoamua taa iwake lini na kwa nguvu kiasi gani, na hicho ndicho wauzaji wanachokikusudia wanaposema taa ni janja.

Aghalabu sakiti hiyo hutambua kuwa giza limeingia kwa kuipima paneli yenyewe: umeme wa paneli ukishuka karibu na sifuri, taa inaelewa kwamba jua limezama. Na hutambua kuwa mtu anapita kwa kutumia kihisio cha mwendo, ambacho mafundi hukiita sensa, kinachoonekana kama kikombe kidogo cheupe cha plastiki. Kila mwili hai hutoa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Kikombe kile hugawa eneo la mbele yake katika vipande, na joto likihama kutoka kipande kimoja kwenda kingine, taa huongeza nuru.

Ukilielewa hilo, utaelewa tabia zake nyingine. Sensa humwona upesi mtu anayeikata njia kwa ubavu kuliko anayeijia moja kwa moja, kwa hiyo ifungwe kando ya njia na si mwisho wake. Katika usiku wa joto kali, tofauti kati ya joto la mwili na la hewa hupungua, na sensa huwa nzito kidogo, usidhani imeharibika. Paka ataiwasha. Jani la mgomba lililopata joto la jua na kutikiswa na upepo nalo laweza kuiwasha jioni, basi usiielekeze migombani.

Hesabu ya kweli ya nguvu

Msomaji asiyependa hesabu anivumilie kwa aya tatu, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotea.

Kwanza, usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi kabla ya kupima paneli kwa rula. Jua la adhuhuri likiwa wazi hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu moja ya tano tu kuwa umeme. Hivyo mita moja ya mraba ya paneli hutoa wati 200 kwa uchache wa makosa. Paneli ya ukubwa wa daftari, sentimita 20 kwa 15, haiwezi kuvuka wati 6. Yangu, niliyoambiwa ya wati 200, ilikuwa na sentimita 35 kwa 30. Ukizidisha utaona isingeweza kuvuka wati 21. Ndiyo sababu betri yake ilikuwa ikiisha mapema: iliombwa nuru kubwa kuliko riziki iliyoingia mchana.

Pili, tuchukue taa ndogo ya kawaida yenye paneli ya wati 6 na betri ya volti 3.2 yenye ampea-saa 6. Zidisha volti kwa ampea-saa, utapata akiba ya wati-saa 19 hivi. Ukiiwasha kwa nguvu zote za wati 6, itakwisha kwa saa tatu. Iliyowaka saa moja jioni itazima saa nne usiku, na anayeamka kabla ya alfajiri ataikuta imelala.

Tatu, ukiiweka katika hali ya sensa, ifanye mwanga hafifu wa sehemu tatu za kumi za wati moja usiku kucha, kisha ing'ae kwa nusu dakika kila mtu anapopita, hesabu inabadilika. Saa 12 za mwanga hafifu ni wati-saa 3.6. Watu wakipita mara 20, jumla ni dakika 10 za nuru kamili, yaani wati-saa 1. Usiku mzima haujafika wati-saa 5. Betri ileile iliyokwisha saa nne usiku sasa ina akiba ya karibu siku nne, hata katika mawingu ya masika. Huo ndio ujanja wa taa janja: kutumia kidogo na kuwapo saa ya haja.

Mambo ya kukagua dukani

Uliza aina ya betri. Ile ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, ambayo huandikwa LiFePO4, hudumu sana. Ikitunzwa, kwa kawaida huvumilia kujazwa na kutumika mara 2,000 au zaidi. Hakikisha pia kwamba betri inafunguliwa kwa skrubu ili ibadilishwe siku ikichoka. Taa iliyogundishwa yote kwa gundi ni taa ya kutupwa. Na betri iliyochoka isitupwe motoni wala kwenye shimo la taka la bustani, kwa sababu ya lithiamu huweza kulipuka moto na kemikali zake si mbolea.

Tazama alama ya IP. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na ya pili maji. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa na taa inastahimili maji yanayorushwa kwa bomba. Hiyo yatosha kwa mvua zetu. IP44 hustahimili matone ya kurukia tu, basi iwekwe chini ya kipaa. Sisi wa pwani tuongeze jambo moja: skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani hewa ya chumvi haimsubiri mtu.

Chagua rangi ya nuru. Hupimwa kwa Kelvini. Kelvini 3,000 ni nuru ya manjano inayofanana na ya kandili. 6,500 ni nyeupe yenye ubuluu. Nyeupe ile huvuta wadudu zaidi, na waliowahi kuwasha taa kama hiyo barazani usiku wa kumbikumbi baada ya mvua hawahitaji maelezo. Kwa bustani, chukua ya manjano.

Zipo pia taa zinazoongozwa kwa simu. Kwa njia ya hatua kumi na nne sioni haja yake. Kifaa cha mawasiliano ndani ya taa nacho kinakula betri usiku kucha, na mama hatatafuta simu ili afike bombani.

Mahali pa kuiweka

Paneli iweke juani kweli. Tanga ipo kiasi cha nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini mapema Machi na mapema Oktoba, na katika Juni na Julai huelemea kaskazini. Kwa hiyo paneli ilale kwa mwinamo mdogo, nyuzi 10 hadi 15, ikitazama kaskazini. Wasomaji wa Mombasa na Unguja wafanye vivyo hivyo. Mwinamo huo husaidia pia mvua kuosha vumbi. Wakati wa kiangazi ipanguse kwa kitambaa chenye maji mara moja kwa juma. Jihadhari na kivuli: tawi moja la mwembe linaloziba pembe ya paneli laweza kupunguza umeme wake kwa kiasi kikubwa, kwa sababu seli zake zimeungwa kwa mfuatano, na moja ikidhoofika huzizuia nyenzake.

Taa yenyewe iweke chini kadiri inavyowezekana. Anayetembea gizani anahitaji kuona anapokanyaga. Siku ya pili baada ya kusimama uani kwa jirani, nilimwita fundi akaung'oa mlingoti. Mahali pake tuliweka taa tatu fupi zinazofika magotini, kando ya njia, zikimulika ardhi tu. Ya nne, yenye sensa, tuliifunga juu ya bomba kwa kimo cha mita mbili, ikiwa imegeuziwa ukuta wa nyumba yetu wenyewe na kuinamishwa chini, na fundi akaitengenezea kofia ya bati upande wa jirani. Zote nne kwa pamoja zilikuwa na gharama ndogo kuliko ile moja. Matofali ya ukingo wa tuta tuliyapaka chokaa nyeupe, jambo ambalo halihitaji betri wala fundi, na ambalo laiti ningelifanya mapema mama asingevunjika mkono.

Usiku wa kwanza, kabla ya kulala, tulivuka tena kwa jirani. Tukasimama pale pale. Kutoka kwake hukuiona taa yoyote. Uliona tu kwamba ukuta wetu una wekundu kidogo, kama wa jiko la mkaa linaloelekea kuzima. Mama wa nyumba ile aliangalia juu, akasema nyota zimerudi.

Mbaazi za mama

Liko jambo la mwisho ambalo wenye bustani watalipenda. Mbaazi za kienyeji ni mmea unaoongoja usiku mrefu ndipo utoe maua. Wataalamu wa kilimo huzihesabu miongoni mwa mimea ya siku fupi, ambayo huhesabu urefu wa giza na wala si wa mchana peke yake. Nuru inayorefusha jioni huichelewesha. Mwaka jana mbaazi za mama zilizokuwa mwisho wa safu, mbali na mlingoti, zilichanua wakati wake. Zile tano zilizokuwa chini ya taa zilibaki majani matupu, ndefu na za kijani kibichi, na mama akawa anazilaumu kwa kukosa mbolea. Mwaka huu, bila mlingoti, zimechanua pamoja.

Tulipoteza kikapu kimoja cha mbaazi, nalo si jambo kubwa. Lakini tangu siku hiyo naona giza la usiku nalo lina kazi yake: mimea inalihitaji, nondo na vimulimuli wanalihitaji, na wanawake wanaotaka kukaa uani kwao wamevua mitandio wanalihitaji pia. Mwenye taa anakata sehemu ya giza hilo kwa ajili ya haja yake. Na aikate kwa kadiri ya haja.

Kilichobaki

Barua ile ya mabati manane bado imo katika faili la kamati. Niliandika pembeni mwake kwamba ombi limetimizwa bila gharama, na tarehe. Katika kikao kilichofuata mwenyekiti alipendekeza tutoke baada ya isha tukaangalie taa ya msikiti wenyewe, ile kubwa iliyo juu ya mahali pa kutawadhia. Tukazunguka hadi nyuma ya ukuta. Ilikuwa ikiingia katika dirisha la chumba cha kulala cha familia moja ambayo kwa miaka mingi haikusema neno, kwa heshima ya msikiti. Juma hilohilo tuliishusha na kuigeuza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaniuliza tena inunuliwe taa ipi, nakuomba jambo moja dogo. Usiku wa leo iwashe taa uliyonayo, kisha bisha hodi kwa jirani yako, umwombe ruhusa ya kusimama upande wake wa ua. Tazama anachokiona yeye. Ukiona haya, kama nilivyoona mimi, basi fundi hakosekani na skrubu za kuinamisha taa ni mbili tu.

Ijumaa iliyopita sahani ya vitumbua ilipita juu ya ua. Mama aliirudisha na mbaazi za nazi.

Wabillahi tawfiq.